KABLA HUJALIPA KARO

Hotuba kwa wanachama juu ya kuchagua chuo na maisha ya mwanafunzi mpya, Nakuru



Nimetakiwa niseme juu ya vyuo. Labda wako watakaouliza: mambo ya vyuo yanahusu nini chama cha wafanyakazi? Jawabu langu ni fupi. Karo hutoka katika mshahara. Sisi hukaa mezani na matajiri miezi mingi tukigombea nyongeza ya shilingi mia chache. Siku mtoto anapoitwa chuoni, nyongeza ile yote, pamoja na ng'ombe na akiba ya ushirika, huenda kwa siku moja. Ikiwa chuo chenyewe si cha kweli, basi tumeshinda mezani na kushindwa langoni.

Katika bonde letu hili masomo ya juu hayakuanza kwa ajili yetu. Shule ya kilimo ya Njoro ilianzishwa mwaka 1939 na Lord Maurice Egerton, nayo ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Watu wa rangi zote walifunguliwa mlango mwaka 1958, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton. Mwaka 1959 Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama kikuu cha vyama vya wafanyakazi, Kenya Federation of Labour, alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege. Katika miaka ya 1970 watu wa Rift Valley walichanga kwa harambee, na chuo cha ufundi, Rift Valley Institute of Science and Technology, kikasimama hapa Nakuru. Kwa hiyo kuhangaikia masomo si jambo geni kwa wafanyakazi. Ni kazi yetu ya zamani.

Sasa niingie katika shauri lenyewe.

KUCHAGUA CHUO

Kwanza, anzeni na kazi, jina la chuo lije baadaye. Mtoto akisema, "Baba, nataka kwenda chuo fulani," mwulize, "Ukitoka huko utafanya kazi gani, na nani ataajiri?" Tazameni kazi zilizo karibu nasi. Kule Olkaria umeme wa mvuke wa ardhini umezalishwa tangu mwaka 1981, na kazi ile inataka mafundi wa kuchomelea vyuma, wa mabomba na wa stima. Mashamba ya maua ya Naivasha yanataka watu wa pampu, wa maji ya mifereji na wa vyumba vya baridi. Maziwa yanataka mafundi wake, na chuo cha maziwa, Dairy Training Institute, kiko Naivasha hapo hapo. Hospitali zinataka wauguzi na watu wa maabara. Nendeni kwa mwenzenu anayefanya kazi hiyo, mkamwulize alisoma wapi na tajiri wake anaheshimu cheti gani. Neno lake lina thamani kuliko tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya stima.

Pili, jueni alama. Kwa kawaida mwenye C+ katika mtihani wa kidato cha nne anaweza kuomba shahada. Mwenye C- anaweza kuomba diploma, na mwenye D anaweza kuomba cheti. Aliye chini ya hapo ana nafasi katika mafunzo ya ufundi wa mikono. Asidharauliwe. Fundi mzuri wa mabomba hakosi chakula, na anaweza kupanda ngazi kutoka ufundi hadi cheti, na kutoka cheti hadi diploma.

Tatu, ulizeni habari za usajili. Vyuo vikuu husimamiwa na Commission for University Education. Vyuo vya ufundi husajiliwa na TVETA chini ya sheria ya mwaka 2013. Chuo chenye haki kitakuonyesha cheti chake bila kukasirika. Lakini msiishie hapo. Chuo kinaweza kuwa na usajili, na somo moja likawa halina kibali. Mtu akitaka kuwa muuguzi, aulize kama Nursing Council imekubali mafunzo ya uuguzi ya chuo hicho. Ikiwa haikukubali, mtoto atasoma miaka mitatu, avae sare, apigwe picha, kisha akataliwe kazi. Ulizeni pia mtihani wa mwisho unatolewa na nani. Wakijibu, "Ni wetu wenyewe," katika chuo kidogo cha ghorofa ya pili juu ya duka, shikeni pesa zenu.

Nne, hesabuni gharama yote. Karo iliyoandikwa kwenye barua ni sehemu moja tu. Iko kodi ya chumba, chakula, nauli, vifaa, ada ya mtihani, nguo za kazi. Chuo cha karibu ambacho mtoto anaweza kulala nyumbani kinaweza kuwa nafuu kuliko cha mbali chenye karo ndogo. Andikeni hesabu hiyo kwenye karatasi, mwaka kwa mwaka, mpaka mwisho wa masomo. Chuo ambacho mnaweza kulipia mwaka wa kwanza tu si chaguo lenu, maana mtoto aliyeachia njiani hana cheti, na pesa hazirudi.

Tano, jihadharini na madalali. Nafasi za vyuo vya serikali hupangwa na KUCCPS, na mwanafunzi huomba mwenyewe kwa njia ya mtandao. Mikopo ya masomo hutolewa na HELB, bodi iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1995. Ziko pia fedha za basari za kaunti na za mbunge. Mtu anayetaka "chai" ili akupatie nafasi au mkopo ni mwizi, hata akiwa amevaa tai. Na mkopo wa HELB ni deni. Muda wa kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na akiajiriwa hukatwa katika mshahara. Basi achukue kwa ajili ya masomo, wala si kwa ajili ya simu mpya.

MWANAFUNZI MPYA

Ndugu zangu, kuingia chuoni si mwisho wa safari. Wengi huangukia katika miezi mitatu ya kwanza. Hakuna kengele ya kuwaamsha, hakuna mwalimu wa zamu, na pesa za miezi minne ziko mfukoni kwa siku moja. Hapo ndipo shida huanza.

Mwambieni kijana maneno haya kabla hajapanda matatu:

Ahudhurie kila somo tangu juma la kwanza. Kazi ndogo za darasani huingia katika alama za mwisho, na mtu aliyekosa mwanzo hukimbiza wenzake muhula mzima.

Agawe pesa zake kwa majuma. Alipe chumba kwanza, anunue unga, maharagwe na mafuta, kisha kinachobaki akigawe. Kamari ya simu imemaliza karo za watoto wengi. Aikimbie kabisa.

Aulize. Sisi kiwandani mtu mpya huuliza fundi wa zamani mashine inazimwa wapi. Chuoni ni vivyo hivyo. Mwalimu hajui kwamba hukuelewa mpaka umwambie. Na atafute wenzake watatu au wanne wa kusoma pamoja, maana mzigo wa wengi ni mwepesi.

Aweke risiti zote na barua zote katika bahasha moja. Siku ya mtihani karani anaposema karo haijalipwa, risiti ndiyo itakayomtetea.

Atafute mapema mahali pa mazoezi ya kazi. Masomo mengi hayamaliziki bila miezi kadhaa ya kufanya kazi mahali pa kweli, na wanafunzi hukimbilia ofisi zilezile dakika ya mwisho. Hapa wanachama mna nguvu. Ninyi mko ndani ya viwanda na mashamba. Mnajua nafasi ziko wapi na mkubwa gani wa kumwandikia barua.

Nanyi wazazi, pigeni simu kuuliza habari za masomo, msingoje kupigiwa simu ya kuombwa pesa. Mtoto akishindwa somo moja, msimtukane hata akafunga mdomo. Mtoto anayeogopa nyumbani huficha mpaka jambo limeharibika.

MFANYAKAZI MWENYEWE

Nisiwasahau ninyi mliokaa hapa mkidhani kwamba chuo ni cha watoto. Yuko fundi aliyejenga miaka ishirini, analipwa kama kibarua kwa sababu hana karatasi. NITA hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na mtu aweza kuifanya kwa ujuzi alioupata kazini. Serikali pia imekubali utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mtu ambaye hakupita darasani. Ulizeni habari zake.

Na jambo hili lisikizeni sana. Chini ya sheria ya mafunzo ya viwanda, tajiri hutozwa Sh. 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende kwa NITA kwa ajili ya mafunzo. Hazikatwi katika mshahara wako. Ni zake yeye. Shamba lenye watu 1,000 linalipa Sh. 600,000 kwa mwaka. Tajiri akiwafundisha watu wake kwa utaratibu uliokubaliwa, aweza kudai kurudishiwa gharama. Basi tumwulize: katika mwaka uliopita, ni wangapi kati yetu waliofundishwa kwa fedha hizo?

Sheria ya ajira ya mwaka 2007 inakupa likizo ya siku zisizopungua 21 kwa mwaka, lakini haikupi likizo ya masomo. Likizo hiyo haitashuka kutoka mbinguni. Itapatikana tukiiandika katika mapatano yetu na matajiri.

Kwa hiyo naomba tawi hili likubali mambo matatu. La kwanza, kila mahali pa kazi wachaguliwe watu wawili wa kuwasaidia wazazi kuchunguza chuo kabla ya kulipa. La pili, likizo ya masomo na nafasi za mazoezi kwa watoto wa wafanyakazi ziingie katika madai yetu yajayo. La tatu, Katibu awaandikie matajiri kuwauliza habari za fedha za mafunzo, na majibu yasomwe hapa mbele ya wanachama.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Mwenye swali na aulize.