Ekari Moja Haitoi Viwanja Kumi: Kupanga na Kusanifu Makazi Mapya Pembezoni mwa Kijiji

Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini, ambacho madalali hukiuza kuanzia Kisarawe hadi Bagamoyo, kina mita za mraba 400. Mwenye shamba hugawa kichwani upesi: viwanja kumi. Tarakimu zake ni sahihi, na kwa sababu hiyo hesabu hii imewaponza wengi. Ndani yake hamna barabara, hamna mtaro, hamna mahali pa kuzikia wala uwanja wa watoto kuchezea mpira.

Eneo likipangwa vizuri, theluthi yake au zaidi kidogo huenda kwenye barabara, mitaro, shule, zahanati na maeneo ya wazi. Ekari moja hubakiza viwanja sita, au saba ikibanwa. Mada hii inahusu viwanja hivyo vitatu au vinne vinavyopungua: vinakwenda wapi, nani anastahili kuamua, na nini hutokea visipoachwa.

Kinachotokea visipoachwa kinaonekana Dar es Salaam. Zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji hilo wanaishi katika makazi ambayo hayakupangwa, na sehemu kubwa ya makazi hayo yalikuwa mashamba ya vijiji si zamani sana: Mbagala, Kimara, Goba. Huko, nyumba ikishika moto, gari la zimamoto halifiki. Mgonjwa hubebwa mgongoni hadi barabarani. Shimo la choo likijaa, gari la kunyonya husimama mbali na mipira huunganishwa kupita nyuma ya nyumba za watu. Baadaye huja urasimishaji wa makazi, na majirani hukaa kikao kujadiliana nani abomoe ukuta ili ipatikane njia ya mita nne. Yule mwenye shamba aliyeuza viwanja kumi alishaondoka zamani. Gharama wanaibeba walionunua.

Kwa hiyo kazi lazima ianze kijijini, kabla dalali hajafika. Sheria imetoa nafasi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, nayo hutakiwa kuisimamia kwa manufaa ya wanakijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007, inaendeleza hapo kwa kukiwezesha kijiji kuandaa mpango wake: hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, hapa makazi, hapa akiba ya kesho. Mpango huo hupita katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako mama muuza maandazi na mwenyekiti wana kura sawa. Penye mpango, kijiji kina neno la kumwambia anayekuja na fedha mkononi. Pasipo na mpango, kila mwenye shamba hujiamulia, na kijiji huisha kipande kwa kipande.

Tatizo kubwa la wataalamu, na hili lisemwe wazi mbele ya wapima na maofisa mipango miji, ni kupaona pembezoni mwa kijiji kama pori. Kwenye picha ya setilaiti panaonekana vichaka na njia nyembamba. Mtu akitembea na wazee kwa siku mbili, pori hilo hujaa mambo. Kile kichaka cha mikwaju ni makaburi. Njia ile nyembamba ndiyo ya kwenda kisimani, na wanawake wameichagua kwa sababu haipandi kilima. Bonde lile lililokauka mwezi Septemba hugeuka mto mwezi Aprili, na kuna mzee anayekumbuka maji yalifika kwenye shina la mwembe upi. Hakuna kifaa cha upimaji kinachoweza kutoa habari ya huo mwembe. Ni lazima mtu aulizwe.

Historia ina mfano mzito wa jambo hili. Bonde la Rufiji lilifurika mwaka 1968, na serikali ikawahamishia wakazi wake maeneo ya juu kwa Operesheni Rufiji. Kwa mtazamo wa usalama uamuzi ulieleweka. Lakini Warufiji walikuwa wameishi na mafuriko kwa vizazi vingi. Maji yaliyowatisha wageni ndiyo yaliyowaletea udongo wenye rutuba. Walikuwa na madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda humo mpunga dhidi ya nguruwe na ndege. Baada ya kuhamia juu, mashamba yalibaki chini bondeni. Msimu wa kilimo ulipofika familia zilirudi kwenye madungu, na kijiji kipya kikawa na nyumba zisizo na watu kwa miezi kadhaa ya mwaka.

Operesheni Vijiji iliyofuata, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, ilirudia kosa hilo kwa ukubwa wa nchi nzima. Mamilioni ya watu walihama ndani ya miaka michache. Shule na zahanati zilisogea karibu na watu, na faida hiyo haipaswi kubezwa. Ila nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya barabara, mara nyingi bila kuuliza shamba liko wapi, maji yako wapi, kuni zitatoka wapi. Mstari ulionyooka humfurahisha anayeangalia ramani. Anayetembea saa mbili na jembe begani ana kipimo kingine.

Umbali umeendelea kuwaadhibu watu hata katika miaka ya karibuni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na waliokuwa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Kinondoni. Kiwanja walikipata, bonde likawa mbali, na riziki nayo ikawa mbali. Aliyekuwa akiuza samaki au kubeba mizigo katikati ya jiji alihitaji nauli kila asubuhi kabla hajapata shilingi ya kwanza. Baadhi walirudi mjini. Anayepanga makazi mapya asiulize tu watu watalala wapi. Aulize wataamka kwenda wapi, na kwa nauli ya nani.

Baada ya watu, maji. Hapa mada hii inaomba kukaa kidogo, kwa sababu mvua ndiyo huvunja urafiki kati ya makazi mapya na kijiji cha zamani.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita kumi kwa kumi na mbili ina mita za mraba 120. Ikinyesha mvua ya milimita 50, jambo la kawaida masika katika ukanda wa pwani, bati hilo hupokea lita 6,000. Tuchukue shamba la ekari 20 lililopangwa vizuri na kutoa viwanja 130. Nyumba zote zikishaezekwa, mvua hiyo moja huteremsha lita 780,000 kutoka kwenye mabati peke yake, bila kuhesabu barabara na nyua zilizosakafiwa. Shamba lilipokuwa na mikorosho na nyasi, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini. Sasa yanashuka kwa pamoja, kwa kasi, kuelekea kwenye nyumba za wenyeji na majaruba ya mpunga. Wageni wa juu hawajui kama wamefanya kosa. Wa chini wanajua usiku huohuo.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi ikifikiriwa mapema. Njia ya asili ya maji iachwe wazi na iingizwe kwenye mchoro kama eneo la umma, pana kuliko inavyoonekana kiangazi. Barabara zifuate mwinuko wa ardhi badala ya kuteremka wima kilimani, maana barabara inayoshuka moja kwa moja hugeuka korongo baada ya masika mawili. Kila nyumba iwe na tangi la kukinga maji ya paa, na ziada izame kwenye shimo la kokoto. Sehemu ya chini kabisa ya eneo, ambayo dalali angeiuza rahisi kwa mtu asiyejua, ibaki uwanja wa mpira au bustani ya miti: kiangazi watoto wanacheza, masika maji yanatulia hapo siku mbili tatu.

Maji ya chini ya ardhi nayo yana hesabu yake. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la choo. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini, ukikipima kutoka pembe hadi pembe, kina mita 28. Maana yake hakuna mahali popote ndani ya kiwanja hicho ambapo kisima na choo vinaweza kuishi kwa amani, hata kama jirani hana choo, na jirani anacho. Wanaouziwa viwanja kwa ahadi ya “utachimba kisima chako” wanastahili kuelezwa hivyo. Katika ukubwa huo wa viwanja, kisima kirefu kimoja cha pamoja, kilichotengwa upande wa juu na kuzungushiwa eneo la kutosha, ndicho mpango wa kweli.

Nyumba yenyewe hupata wema au ubaya wake tangu mtaa unapochorwa. Mtaa unaokwenda mashariki hadi magharibi hutoa viwanja vinavyotazama kaskazini na kusini, kwa hiyo jua kali la alasiri hugonga ukuta mfupi usio na dirisha. Mtaa ukikatwa upande mwingine, vyumba vya kulala huoka hadi usiku. Pwani kuna bahati ya pepo mbili, kaskazi na kusi. Dirisha moja halitoshi kuupokea upepo. Unahitaji pa kuingilia na pa kutokea, pamoja na nafasi kati ya nyumba na nyumba ili jirani asiuzibe.

Nyumba ya Kiswahili inayafahamu mambo haya zamani. Mbele kuna baraza, ambapo mgeni hupokewa na mwenye nyumba humwona kila apitaye. Katikati ukumbi wenye vyumba pande zote mbili. Nyuma ua wenye jiko, choo na mti wa kivuli. Chumba kimoja kinaweza kupangishwa bila familia kupoteza faragha yake. Ramani nyingi za siku hizi zimeifuta baraza na kuweka geti, zimeufunika ua kwa saruji, na jiko la mkaa limekosa pa kukaa. Zanzibar ilikutana na tatizo hilo kwa njia yake ilipojenga nyumba za ghorofa vijijini baada ya Mapinduzi ya 1964, Makunduchi, Bambi na kwingineko. Nia ilikuwa njema: mkulima naye apate umeme na choo cha ndani. Lakini mkulima ana kuku, ana nazi za kufua, ana ukili wa kusuka, na ghorofa ya tatu haina ua.

Zaidi ya hayo, watu wengi hujenga kidogo kidogo. Tofali mia mwaka huu, mabati mwaka kesho. Huanza na banda la uani, wakaishi humo huku msingi wa nyumba kubwa ukisubiri. Msanifu anayewaheshimu huchora nyumba inayokua: chumba na choo mahali ambapo havitabomolewa baadaye, na nafasi ya mbele imelindwa kwa ajili ya nyumba kubwa.

Kwamba watu wa kipato kidogo wanaweza kupanga kwa pamoja, Chamazi imeonyesha. Upanuzi wa bandari ya Dar es Salaam ulipoondoa makazi Kurasini, wenye nyumba walilipwa fidia na wapangaji hawakulipwa. Baadhi ya wapangaji hao, wakiwa na vikundi vyao vya kuweka akiba, walinunua ekari 30 Chamazi kwa shilingi milioni 24, wakaunda ushirika wa nyumba, wakafyatua matofali wenyewe, na wakakubaliana maji taka yao yasafishwe pamoja kwenye ardhi oevu iliyotengenezwa badala ya kila mtu kuchimba shimo lake. Kazi ilikwenda polepole na umbali ulikuwa mtihani kwao pia. Hata hivyo barabara, kisima na mfumo wa maji taka vilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo, kwa kuwa wanunuzi na waliopanga mji walikuwa watu walewale.

Mradi wa Viwanja 20,000, ulioendeshwa na serikali Dar es Salaam kuanzia mwaka 2002, ulifanya kazi kubwa zaidi kwa idadi. Viwanja vilizidi 30,000, Kibada, Tuangoma, Mbweni, Bunju na kwingineko, vikiwa na barabara na maeneo ya umma yaliyotengwa. Waliokuwa wakilima pale walilipwa fidia, na wengi wakasogea mbele zaidi kuanza upya, mahali ambapo mji utawafikia tena.

Kijiji kinachoandaa eneo lake leo kinaweza kuamua mapema watu wake wenyewe watabaki wapi. Kabla bei haijatangazwa, mkutano mkuu utenge idadi ya viwanja kwa vijana wa kijiji wenyewe, walioko na walio masomoni, kwa bei wanayoweza kuilipa kwa miaka kadhaa, na idadi hiyo iandikwe kwenye muhtasari wenye sahihi, nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji pamoja na mchoro. Halafu mawe ya mipaka yaanze kusimikwa: kwanza ya makaburi, kisha ya njia ya maji, kisha ya barabara na shule. Ya viwanja yafuate.