Tutakuita: Juu ya Kungoja Jibu la Kazi

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, bwaloni.)



Katibu aliponiandikia aliniomba niseme machache juu ya vijana na ajira. Hilo ni jambo pana, na mabingwa wake wapo. Mimi nimechagua kipande kimoja kidogo tu, ambacho sijapata kukisikia kikizungumzwa katika mikutano yetu. Nataka kusema juu ya zile siku zilizo baina ya kusailiwa na kupata jibu.

Vijana wa Kidato cha Nne wakishaweka kalamu chini mwezi wa Novemba, baadhi yao huenda mijini kutafuta kibarua cha msimu madukani. Kila mfanyabiashara anaijua misimu hiyo. Krismasi na Mwaka Mpya huja na nguo, viatu na vyombo vya nyumbani. Januari ni sare za shule, madaftari na mabegi. Idi nayo ina msimu wake, unaosogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa kufuata mwandamo wa mwezi. Katika majuma hayo mwenye duka huhitaji mikono ya ziada: wa kupanga mali, wa kushusha maboksi kutoka stoo, wa kuhudumia wateja, wa kukaa mlangoni na kuangalia mifuko. Msimu ukiisha, mikono hiyo huagwa.

Mimi nilimaliza Kidato cha Nne mwaka 1999. Wenzangu wa darasa lile mnaukumbuka. Nchi ilikuwa bado na majonzi ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba. Mwaka ule misimu yote ilikutana: Ramadhani iliandama Desemba, Krismasi ikaangukia katikati ya mfungo, ukaja Mwaka Mpya wa 2000, na Idi-el-Fitri ikafuata mapema Januari. Kariakoo palikuwa hapapitiki. Tukasikia kwamba duka moja kubwa la viatu linataka vijana wa msimu wanaojua hesabu. Tulikwenda watatu kutoka shule hii.

Usaili wenyewe haukuzidi dakika kumi kwa kila mtu. Mwenye duka aliniuliza: mteja amechukua kiatu cha shilingi 6,750, ametoa noti ya 10,000, utampa ngapi? Nikasema 3,250. Akauliza: na kama dukani hakuna chenji? Nikasema nitamwomba mteja akae kwenye benchi, nitakimbia duka la jirani kuvunja noti, wala sitamwacha aondoke na kiatu kabla fedha haijaingia. Akacheka, akaandika jina langu na namba ya simu katika daftari, akasema neno moja tu: "Tutakuita."

Ndugu Mwenyekiti, neno hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Simu haikuwa yetu. Ilikuwa ya jirani, mama mmoja mwema ambaye mtaa mzima ulitumia namba yake. Baba yangu alikuwa amepunguzwa kazini, kama wazazi wengi wa miaka ile ya kupunguza wafanyakazi. Ujira wa msimu mmoja ungeninunulia godoro, sanduku la chuma na nauli ya kwenda Kidato cha Tano, endapo matokeo yangekuwa mazuri. Kwa hiyo nilikuwa nangoja majibu mawili kwa wakati mmoja, la duka na la Baraza la Mitihani, na la kwanza ndilo lililokuwa na fedha ya kulitimiza la pili.

Siku ya pili tu nilianza kutafuta sababu za kukaa barazani kwa yule mama. Nilimchotea maji, nikamfagilia uwanja, nikamtengenezea kigoda kilichovunjika mguu. Simu ililia mara nyingi. Ililia kwa ajili ya msiba wa Tanga, kwa ajili ya binti aliyejifungua Muhimbili, kwa ajili ya fundi cherehani wa nyumba ya tatu. Siku ya sita mama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ikilia yako nitakuita mwenyewe. Uwanja wangu umekwisha vumbi." Usiku nililala nikirudia maswali yale. Je, 3,250 ilikuwa sawa? Nilipiga hesabu ile gizani mara nyingi kuliko nilivyopata kupiga hesabu yoyote katika madarasa ya shule hii, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Nikahamia kwenye viatu nilivyovaa. Nikahamia kwenye kicheko cha mwenye duka: alicheka kwa kufurahi, au alinicheka?

Mwenzetu mmoja kati ya wale watatu aliitwa siku ya sita. Mimi na mwingine hatukuitwa, wala hatukuambiwa kwamba hatutaitwa. Ilipofika tarehe 22 Desemba yule aliyeitwa alikuja kututembelea, akatueleza mambo yalivyokuwa. Mwenye duka alikuwa na majina kumi. Akachukua wanne wa kuanzia, akikusudia kuita wengine mzigo wake wa pili wa viatu ukitoka bandarini. Mzigo ukachelewa. Viatu havikuja, na sisi hatukuitwa. Basi. Wala hesabu yangu haikuwa na ila, wala viatu vyangu, wala kicheko kile. Jibu langu lilikuwa ndani ya kontena, na mimi nililitafuta ndani ya nafsi yangu kwa siku kumi na tano.

Wadogo zangu, tangu wakati huo nimepita Chuo Kikuu, nikaingia utumishi, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa katika mambo ya watumishi. Nimekaa upande wa pili wa meza. Nawaambieni kwa ujuzi huo: ukimya una sababu nyingi, na nyingi hazimhusu anayengoja. Dukani, mwenye mali huangalia mauzo ya juma la kwanza kabla ya kuongeza mtu. Humngoja mpwa wake anayetoka mkoani. Hungoja mzigo. Serikalini mambo yana ngazi. Mwombaji wa nafasi zinazoshughulikiwa na Sekretarieti ya Ajira anaweza kuanza na mtihani wa mchujo, kisha usaili wa vitendo kwa kazi zinazohitaji hivyo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Aliyefaulu, lakini nafasi zikajazwa na waliomzidi alama, jina lake huwekwa katika kanzidata, na anaweza kupangiwa kituo nafasi nyingine ikipatikana. Mtu wa namna hiyo hakushindwa, ingawa kwa wakati ule hana kazi.

Lakini lazima nitofautishe. Nafasi ya kudumu inaweza kuja baada ya miezi. Kibarua cha msimu hakiwezi, kwa sababu kina tarehe ya mwisho ndani yake. Duka lisilokuita kwa kazi ya Krismasi mpaka tarehe 20 Desemba limekwisha kukujibu, hata kama halikutamka. Tusiwadanganye vijana kwa methali ya subira yavuta heri, tukawaacha barazani mpaka Idi imepita.

Basi nina mambo manne kwa ninyi mnaokwenda kutafuta.

La kwanza, ukiambiwa "tutakuita," uliza papo hapo, kwa adabu: "Samahani mzee, nitegemee jibu mpaka siku gani? Na nisiposikia, naruhusiwa kupita kuuliza?" Hakuna mwajiri wa maana atakayechukia swali hilo. Akitaja siku, iandike. Ikipita, nenda mara moja, asubuhi kabla wateja hawajajaa, uulize. Mara moja ni bidii. Mara tano ni usumbufu, nawe utaumia zaidi.

La pili, usingoje mlango mmoja. Siku ile ile uliyosailiwa, peleka jina lako kwingine. Mimi baada ya tarehe 22 nilikwenda kwa mjomba wangu aliyekuwa akiuza madaftari, nikamwomba nimsaidie msimu wa Januari. Fedha haikuwa nyingi. Godoro lilipatikana, sanduku nikaazima. Na mjini leo yapo maduka mengi kuliko yale ya wakati wetu.

La tatu, jihadharini na jibu la uongo. Sisi tulingoja simu ya jirani. Ninyi mnalala na simu chini ya mto, na kungoja kwenu hakuna mahali pa kukuacha upumzike. Matapeli wanalijua hilo. Mtu atakupigia usiku: umefaulu, tuma fedha ya fomu, ya sare, ya kupimwa afya. Aliyengoja siku kumi na tano hutamani kuamini. Usitume hata senti. Sekretarieti ya Ajira haiuzi nafasi, na mwenye duka wa kweli hukulipa wewe, wala hudai alipwe. Hata Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada.

La nne, jibu likiwa ndiyo, usiruke kwa furaha ukasahau kuuliza masharti. Kibarua wa msimu ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako na ujira wako. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma, wala 9 kwa siku. Ukizidisha, malipo ya saa za ziada hayapungui mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Desemba maduka hufungwa usiku, kwa hiyo hesabu hiyo mtaihitaji. Walakini iulizeni kwa staha. Mtu anaweza kuijua haki yake bila kupandisha sauti.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa niwageukie wakubwa wenzangu walioketi mbele.

Humu bwaloni wamo wenye maduka ya vifaa, ya nguo na ya dawa. Wamo mameneja, wamo wakuu wa idara. Kwa hesabu yangu ya haraka, wengi wetu tumewahi kumwambia mtu "tutakuita." Ahadi ni deni. Kwetu sisi neno hilo ni njia ya heshima ya kumtoa kijana mlangoni ili aingie mwingine. Kwake ni kamba aliyofungwa mguuni. Haendi shamba, haendi kwa mjomba, hasafiri kwenda kumwona bibi yake mgonjwa, kwa kuogopa kuitwa akiwa hayupo. Mama yake naye anangoja, ingawa hasemi.

Nitaambiwa: waombaji ni wengi, hatuwezi kumjibu kila mmoja. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito. Barua ilihitaji karatasi, stempu na karani. Leo ujumbe mfupi wa simu unaweza kuandikwa mara moja ukatumwa kwa watu arobaini kabla chai haijapoa. "Tunashukuru kwa kuja. Nafasi zimejaa. Tunakutakia heri." Mnaona hauna hata maneno kumi. Kijana atakayeupokea atahuzunika jioni moja, na kesho yake atakuwa huru kutafuta kwingine. Jibu la hapana humpa mtu siku zake azitumie, na ukimya humzuilia.

Nimesikia pia kwamba mtu akijibiwa hapana atakata tamaa. Ndugu zangu, vijana wa shule hii wanalishwa ugali na maharage siku sita kwa juma na bado wanaimba kwenye mstari. Hapana haitawaua.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili, na naomba yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano. Kwanza, kila mwanachama mwenye duka au ofisi inayochukua vibarua wa msimu ampe Katibu taarifa kabla ya mwisho wa Oktoba: anataka watu wangapi, kwa kazi gani, kwa siku ngapi. Mwalimu wa taaluma ataibandika ubaoni. Siombi vijana wetu wapendelewe. Wasailiwe na wenzao wa shule nyingine, anayefaa achukuliwe. Pili, kila atakayetoa taarifa hiyo ataje na siku ya kutoa jibu, la ndiyo na la hapana, na aitimize. Daftari liko pale mezani kwa Katibu pamoja na kalamu. Mimi nimekwisha kuandika jina langu ukurasa wa kwanza kuwa msaidizi wake katika kufuatilia, na nitawapigia simu. Mkiona namba yangu Novemba, msizime.

Wadogo zangu, nawatakia mitihani mema. Walimu wangu, Mungu awape afya. Ndugu Mwenyekiti, nisije nikawa mimi ndiye ninayewachelewesha watu hawa wasipate pilau waliyoahidiwa tangu saa nne.