Chunusi Si Uchafu

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, afisa tabibu mstaafu wa magonjwa ya ngozi, mbele ya wanafunzi na wageni katika bwalo la chakula siku ya mkutano wetu wa mwaka. – Mhariri)



 

Katibu aliponiomba nizungumze nanyi alitegemea kwamba nitasema juu ya malaria au kipindupindu, maana hayo ndiyo watu wanayoyatarajia kwa mganga. Nikamwambia la, nitasema juu ya chunusi. Akacheka. Nanyi naona mnacheka, hasa wale wa mabenchi ya nyuma. Chekeni tu. Lakini mkishamaliza, kila mmoja amtazame jirani yake mwenye chunusi, aone kama naye alikuwa anacheka.

Nina sababu ya kuchagua jambo hili, nayo ni deni. Mwaka 1982 nilikuwa Kidato cha Nne, tena kiranja wa afya. Wenzangu wa enzi zile wanakumbuka jinsi sabuni ilivyokuwa adimu. Mche mmoja tuliukata kwa uzi vipande vingi ili kila mtu bwenini apate chake. Hata hivyo kila Jumamosi asubuhi tulikagua usafi: kucha, kola, masikio na uso. Palikuwa na mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili ambaye uso wake ulijaa chunusi, mashavu yote na paji lote. Nilimtoa mstarini mbele ya shule nzima, nikamwamuru arudi bombani anawe mpaka uchafu utoke. Jumamosi iliyofuata nikamtoa tena. Na ya tatu vivyo hivyo.

Siku moja nilimkuta nyuma ya mabafu akisugua mashavu kwa lile jiwe tulilokuwa tukisugulia magaga ya miguu. Damu ilikuwa inamtiririka hadi kwenye kola. Ndugu zangu, sikumzuia. Nilijiona kiranja hodari, kwa kuwa amri yangu imetiiwa.

Mtu huyo yumo humu bwaloni leo, na makovu yake anayo. Ameniruhusu nisimulie habari hii bila kumtaja jina. Nilimwomba radhi miaka mingi baadaye, nilipokwisha kusoma na kujua nilichokuwa nimefanya. Aliniambia, "Radhi nimekupa. Lakini nenda ukawaambie wale walioko pale sasa." Ndiyo maana nimesimama hapa.

Basi, chunusi ni nini? Katika ngozi mna vitundu vidogo vidogo vya vinyweleo, na ndani ya kila kitundu hufunguka tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Kijana anapobalehe, homoni huziamsha tezi hizo zikatoa mafuta mengi. Wakati huo huo chembe za ngozi zilizokufa hushikamana ndani ya kitundu zikawa kizibo. Mafuta hukosa njia ya kutokea. Vijidudu ambavyo siku zote huishi katika ngozi ya kila mtu, hata ya Mwalimu Mkuu, huzaliana humo. Mwili unapopambana navyo, mahali pale huvimba, huuma na pengine hutunga usaha. Kazi hiyo yote hufanyika chini, ambako sabuni haifiki, wala jiwe halifiki. Hata ule weusi unaouona kwenye vichwa vya chunusi fulani si taka. Ni mafuta na chembe za ngozi zilizokutana na hewa zikageuka rangi.

Inakadiriwa kuwa watu wapatao 85 katika kila 100 wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi, kidogo au nyingi. Wengine huzirithi kwa wazazi wao. Kwa hiyo mwenye chunusi si mchafu. Hana "damu chafu" ya kusafishwa kwa dawa ya kuharisha. Hakufanya dhambi ya siri usiku. Wala asiambiwe angoje mpaka aoe ndipo zitakwisha, maana kungoja huko ndiko kunakowapa wengi makovu ya maisha. Na karanga, ambazo zimesingiziwa miaka yote, hazina hatia ya maana. Kinachoonekana kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu ni vyakula na vinywaji vyenye sukari nyingi, na kwa wengine maziwa. Soda tatu kwa siku zitakudhuru kuliko kikombe cha karanga.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe. Ngozi zetu nyeusi zina tabia moja: chunusi ikipona, na hasa ikiwa imetumbuliwa, huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Kijana akijitazama kwenye kioo huona madoa yale yanamkera kuliko chunusi yenyewe. Hapo ndipo anapokutana na muuza krimu.

Nilisomea magonjwa ya ngozi kwa miaka miwili katika kituo cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 1992 pale KCMC, Moshi, na baada ya hapo nimetazama nyuso nyingi za vijana. Habari yao karibu ni ile ile. Anapewa na rafiki tyubu moja, au kikopo cha mkorogo kisicho na jina. Anapaka wiki mbili, uso unang'aa, chunusi zinanywea, kila mtu anamsifu. Mwezi wa tatu akiacha kupaka, uso unawaka moto na vipele vinarudi vingi kuliko vya kwanza. Anarudia kupaka. Huo ni mtego, nao una jina: steroidi. Betamethasoni na klobetasoli ni dawa nzuri kwa magonjwa yake, mganga akikupimia kiasi na muda. Kwa chunusi ni sumu. Huifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane, michirizi itokee, na zenyewe huleta chunusi za aina yake.

Mikorogo mingine ina haidrokwinoni, ambayo hapa Tanzania imepigwa marufuku katika vipodozi. Mingine ina zebaki, na hiyo haiishii kwenye ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Walipowauliza, waligundua kuwa wengi wao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Dunia ilichukua muda mrefu kushituka. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipitishwa mwaka 2013, na mwaka 2023 nchi wanachama zikaamua kwamba ikifika 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe. Lakini mkataba hauingii bwenini kukagua sanduku la mtu. Hiyo ni kazi yako mwenyewe. Kikopo kisichoandikwa kilichomo, usikipake.

Mtaniuliza, tufanye nini basi? Nitasema mambo machache, na mtaona hayahitaji fedha nyingi wala kioo kikubwa.

Asubuhi, nawa uso kwa maji na sabuni laini, kwa viganja vyako. Usitumie dodoki, wala sabuni kali ya kufulia, wala mchanga, wala jiwe. Kausha kwa taulo yako safi kwa kugandamiza, usisugue. Ukiona ngozi inakauka, paka losheni nyepesi kidogo. Mafuta mazito ya mgando yapakeni miguuni, usoni yapumzisheni. Hali kadhalika mafuta ya nywele: yakiteremka kwenye paji la uso huziba vitundu, na wengi wenu mna chunusi za paji kwa sababu hiyo tu. Ukienda shamba au mchezoni vaa kofia, maana jua huyakoleza yale madoa.

Baada ya mpira, jimwagie maji na ubadilishe fulana. Usinawe uso kwa sabuni mara tano kwa siku ukidhani unaharakisha. Mara mbili zinatosha, na moja zaidi ukitoka jasho.

Usiku, nawa tena, kausha, kisha paka dawa. Dawa ya kwanza kuulizia duka la dawa ni benzoili peroksaidi, asilimia 2.5 au 5. Anza kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja, kwa sababu mwanzoni hukausha na kuchoma kidogo. Paka nyembamba mahali pote panapotoa chunusi, si kwenye kipele kimoja tu, kwani unazuia zile zinazokuja. Angalieni, dawa hii hung'oa rangi ya nguo. Msije mkasema sikuwaonya siku sweta la shule litakapopata mabaka. Dawa nyingine nzuri ni adapalini asilimia 0.1, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku tu. Dada zenu nyumbani muwaambie kuwa hiyo haifai kwa mwenye mimba.

Halafu subiri. Hili ndilo gumu kuliko yote. Dawa ya kweli huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake. Tyubu inayokutakasa uso kwa siku nne ndiyo ya kuogopa. Haraka haraka haina baraka, na usoni haina kabisa.

Usitumbue. Usipake dawa ya meno. Usipake limau kisha ukaenda juani, litakuunguza. Usimeze vidonge vya rafiki yako vya kuua vijidudu. Vikitumiwa ovyo vijidudu huvizoea, na siku utakapovihitaji havitafanya kazi. Na ninyi mlioanza kunyoa, vipele vya kidevuni na kisogoni mara nyingi si chunusi, bali ni ndevu na nywele zinazojikunja zikarudi ndani ya ngozi. Mwambie kinyozi asikwangue mpaka chini, aache kidogo.

Ukiona vinundu vikubwa vinavyouma, au makovu yameanza, au zimesambaa kifuani na mgongoni, usijitibu. Nenda hospitali, zipo dawa za kumeza ambazo mganga atakupa kwa uangalizi. Na ukiona moyo wako umekuwa mzito, hutaki kwenda darasani, hutaki kula na wenzako, hiyo pia ni sababu ya kutosha ya kwenda kwa mganga. Usione haya kusema.

Viranja, sasa nasema nanyi. Ninajua raha ya kusimama mbele ya mstari. Kagua kucha, kagua kola, kagua shuka. Lakini chunusi za mwenzako hazimo katika sheria za shule, na jina la utani unalompa leo atalikumbuka akiwa na wajukuu. Mimi nililipata somo hili kwa kuchelewa, na aliyelilipia ada si mimi.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi. Mfuko wetu umepaka rangi madarasa na umenunua vitabu, jambo la kujivunia. Naomba tutenge fungu dogo kila mwaka ili zahanati ya shule isikose sabuni laini na benzoili peroksaidi, na muuguzi awe na mahali pa faragha pa kuzungumza na kijana. Mimi nimeanza. Boksi la kwanza liko nje ndani ya gari, na aliyenisaidia kulibeba tangu stendi ni yule yule niliyemtoa mstarini mwaka 1982.