Kukisia Mavuno ya Samaki Katika Mabwawa ya Kumwagilia
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi)



Katika miaka kumi hii tumezoea kukisia mpunga kabla haujavunwa. Mkulima hutazama shamba lake akahesabu magunia. Lakini samaki hawaonekani, na kwa hiyo wengi wetu hudhani kuwa bwawa ni ghala lisilokwisha.

Wataalamu wametuonyesha njia. Mwaka 1965 Bwana Ryder wa Kanada alieleza ya kuwa mavuno ya ziwa yaweza kukadiriwa kwa mambo mawili: wingi wa chumvi zilizoyeyuka majini, na wastani wa kina. Chumvi zikigawanywa kwa kina, jibu kubwa huashiria samaki wengi. Ndiyo sababu, kwa kila ekari, maji ya kina kifupi kwa kawaida huzaa samaki kuliko maji ya kina kirefu.

Hata hivyo, bwawa la kumwagilia si ziwa. Maji yake hupanda na kushuka kwa amri ya mwenye kufungua mlango. Perege dume huchimba kiota chake ukingoni penye maji machache. Maji yakishushwa ghafla, viota hubaki pakavu, na makisio yetu yawa bure.

Tena miaka ya kwanza hudanganya. Bwawa la Nyumba ya Mungu, katika bonde la Mto Pangani, lilipojaa katika miaka ya 1960, ardhi na majani yaliyofunikwa yalirutubisha maji. Samaki wakawa tele, wavuvi wakamiminika. Baada ya miaka michache tu mavuno yalipungua sana. Atakayekopa kwa kutegemea neema ya mwanzo atalipa wakati wa uhaba.

Basi twawasihi mambo matatu. Kwanza, uzito wa samaki na kimo cha maji viandikwe kila siku. Pasipo daftari hapana makisio. Pili, wasimamizi wa maji na wavuvi washauriane kabla ya mlango kufunguliwa. Mpunga hauna budi kupata maji. Tuombalo ni yashuke polepole. Tatu, idadi ya nyavu ipimwe kwa mwaka mbaya, si kwa mwaka mwema.

Wahenga walisema akiba haiozi. Samaki mchanga aliyeachwa majini akue ndiye akiba yetu ya miaka kumi ijayo.