London hadi Cape Town: Siku 45, Saa 109

Ukipanda ndege usiku London, asubuhi unashuka Cape Town. Ni kilomita zipatazo 9,600, na kwa kawaida safari haifiki saa 12. Mwaka 1920 safari hiyohiyo ilichukua siku 45, na ni vizuri tujue siku hizo ziliishia wapi.

Tarehe 4 Februari, marubani wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliruka kutoka Brooklands, karibu na London, kwa ndege aina ya Vickers Vimy waliyoiita Silver Queen. Walipokuwa kati ya Cairo na Khartoum, usiku, rejeta ilivuja. Wakalazimika kutua gizani, ndege ikavunjika. Injini zilisalimika, zikafungwa kwenye Vimy nyingine huko Misri, wakaanza upya.

Mbele yao kulikuwa na viwanja vilivyofyekwa mwaka mmoja tu kabla: Kisumu, Tabora, Abercorn, Ndola. Pale Ndola mamia ya vibarua walishinda miezi wakibomoa vichuguu, maelfu ya tani za udongo mgumu, ili ndege ipate pa kukimbilia. Vitabu vimehifadhi majina ya marubani. Waliobomoa vichuguu wametajwa kwa idadi tu, na hilo linaniuma.

Tatizo kubwa lilikuwa mwinuko wa nchi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, Bulawayo zaidi kidogo. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi: mabawa hayabebwi vizuri, injini inakosa nguvu. Ndege nyingine ya safari hiyohiyo, iliyogharimiwa na gazeti la The Times na kumbeba mtaalamu wa wanyama Peter Chalmers Mitchell, ilivunjikia Tabora tarehe 27 Februari. Wote walitoka hai. Tarehe 6 Machi ikawa zamu ya Silver Queen ya pili: ilipaa Bulawayo, ikashindwa kupanda, ikaanguka. Serikali ya Afrika Kusini ikawapelekea marubani wake ndege ya tatu, DH.9, wakaingia nayo Cape Town tarehe 20 Machi.

Sasa sikiliza hesabu hii. Angani walikaa saa 109 na nusu, yaani siku tano hazitimii. Siku 40 zilizobaki walikuwa ardhini.

Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipoanza kubeba abiria njia hiyo, likipitia Nairobi, Dodoma na Mbeya, safari ilikuwa ya siku 11 hivi, kwa kuwa ndege ilitua mara kwa mara kujaza mafuta na abiria walilala hotelini. Matangi yalipokuwa makubwa, vituo hivyo vikaondolewa kimoja baada ya kingine. Ndege ya leo inapaa London na kutua Cape Town bila kugusa ardhi katikati.