Sare Isimfukuze Mtoto Darasani

Hotuba ya Kamati ya Jamii, Kambi ya Kakuma, Siku ya Mtoto wa Afrika



Leo tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto walioandamana tarehe 16 Juni 1976 kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Waliandamana na sare zao za shule, na wengi wakauawa kwa risasi. Kwa hiyo tumeona tuzungumzie sare.

Kamati haipingi sare. Tangu kambi hii ianze mwaka 1992, watoto wa mataifa mengi wamekaa dawati moja. Sare inawasaidia wasitazamane kwa kabila wala kwa mfuko wa mzazi. Lakini sare hiyo hiyo ikiwa ndiyo sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani, faida yake imekwisha.

Wazazi wametuletea malalamiko. Mtoto amerudishwa kwa kuvaa kandambili. Msichana ameambiwa avue hijabu au aondoke. Mvulana amesimamishwa mbele ya gwaride kwa sababu shati lake limepauka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sheria iko wazi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi sawa na mwenyeji. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa dini, jinsia, utamaduni na hata wa mavazi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba shule ilivunja haki za msichana wa Kirastafari ilipomzuia kusoma kwa sababu ya nywele zake.

Basi tunaomba mambo manne. Kwanza, mtoto asiye na sare kamili aingie darasani, na mzazi aitwe baadaye. Pili, hijabu ya rangi ya sare iruhusiwe. Tatu, masharti yote yaandikwe na wazazi wasomewe kwa lugha wanazozielewa kabla ya muhula kuanza. Nne, mashirika yanapoleta vitambaa, mafundi cherehani wa hapa kambini wapewe kazi ya kushona.

Nasi wazazi tutafua na kushona kilichochanika. Walimu, tunawaomba mtazame daftari la mtoto kabla ya kutazama miguu yake.