Tupime Neno Kabla ya Kulisambaza



Januari 2008, miji yetu ya Nakuru na Naivasha iliwaka moto. Panga lilitanguliwa na neno: ujumbe wa chuki ulipita simu hadi simu, jirani akaitwa adui. Nchini kote waliouawa walizidi 1,100.

Juni 2024, simu hiyo hiyo iliwaunganisha vijana wa kila kabila kuupinga Mswada wa Fedha. Wengine walilipa kwa uhai wao. Tarehe 26 Rais Ruto alikataa kuutia sahihi.

Chombo ni kimoja. Kinachotofautiana ni ukweli. Basi tuulize kwanza: aliyesema ni nani, aliona wapi, na ikiwa ni uongo atakayelia ni nani? Serikali isizime mtandao kwa kisingizio cha amani. Nasi tusiipe kisingizio hicho.